Fundi wa Viti na Mkono wa Nahodha

Hasifa anashona viti vya bodaboda Kisenyi, kwenye kibaraza kilichobanwa kati ya duka la matairi na gereji ya Cleopas. Kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ni kazi ya mdomo. Vijisumari vya kupigilia reksini, ile ngozi bandia ya viti, anavipanga kati ya midomo, anavitoa kimoja kimoja kwa ulimi, huku mkono wa kushoto umevuta reksini na wa kulia umeshika nyundo. Uzi anaukata kwa meno. Mteja akiuliza jambo fupi, anajibiwa kwa vidole. Akiuliza jambo refu, anangoja misumari iishe. Kuna madereva wa bodaboda wanaomjua miaka na miaka ambao hawajawahi kusikia sauti yake, na wanamsifu huko stejini wanakongojea abiria kwamba yule mama wa Kinubi ana heshima.

Siku Ondiek alipokuja hakuwa na pikipiki. Alikuwa mtu mrefu, mwenyeji wa Kisumu, mvi zimeanza pembeni, nahodha wa boti ya mizigo inayotoka Ggaba kupeleka saruji na soda visiwani na kurudi na mkaa na mananasi. Alimsalimia muuza matairi, akawasalimia waliokaa juu ya matairi, akaingia kwa Cleopas akasalimia huko pia, akapewa chai, ndipo akafika kwa Hasifa.

"Fundi, wewe unashona kitu laini?"

Hasifa akaitikia kwa kichwa.

"Basi nishonee mkono wa injini. Ya boti. Ule wa kushikia. Nataka iwe nene, iwe laini."

Hasifa alikuwa anatazama kikombe alichotoka nacho kwa Cleopas. Ondiek alikuwa amekibeba katikati ya viganja viwili, vidole vimenyooka, kama mtu aliyeokota kifaranga. Na alipokuwa akisalimia watu hakutoa kiganja hata kwa mmoja. Aliwapa kifundo cha mkono, jinsi mtu anavyofanya akiwa ametoka kula.

Hasifa alitema misumari kiganjani.

"Mkono umeanza lini?"

"Mkono gani?"

"Yote mbili."

Ondiek akacheka kidogo, halafu akaacha. "Daktari alisema ni neva ya shingo. Nikamwambia shingo yangu haiumi. Akasema ndiyo hivyo."

"Inafunga?"

"Vidole vinafunga. Lakini havishiki. Nikishika kamba, kamba inaenda zake."

Hasifa alimsogezea kiti cha pikipiki kisichokuwa na pikipiki, naye akakaa juu yake akaeleza. Mwaloni Ggaba, pale boti zinapofungwa, hakuna karatasi inayosema nani ni nahodha. Anayewasha injini ndiye nahodha. Anavuta kamba ya kuwashia mbele ya watu, injini inanguruma, watu wanapanda. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayekumbuka ilianza vipi.

"Si umwambie baharia wako avute?" Hasifa aliuliza.

"Makokha? Alivuta siku moja. Moja tu. Jioni watu wa mananasi wanamwita kapteni. Na yeye anaitika."

Mwenye boti alikuwa mama mmoja Mwacholi, Amony, mjane, mtu wa kunyooka. Habari zilimfikia. Hakumfukuza Ondiek wala hakumgombeza. Alisema tu kwamba Idi ikipita, mbele ya mwalo wote, Ondiek awashe mwenyewe, aitoe boti, airudishe, aifunge. Akiweza, yaishe. Akishindwa, Makokha atakaa kwenye injini, naye Ondiek atabaki ufukweni kuhesabu mananasi.

"Kuhesabu mananasi," Ondiek alirudia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Hasifa akarudisha misumari mdomoni. Huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

Alianza na kile alichokijua, yaani sponji. Aliuvisha mkono wa injini, ambao Ondiek aliufungua akamletea, sponji nene, akaufunika kwa reksini nyekundu, akashona mshono wa duara ambao madereva waliokuwa wakipita walisimama kuuangalia. Ulikuwa mzuri kuliko boti yenyewe. Ondiek aliutumia siku moja, akarudi nao kwenye mfuko wa plastiki, unachuruzika.

"Imekunywa ziwa," alisema. "Asubuhi ilikuwa mkono wa injini. Saa saba ilikuwa samaki."

Reksini ikilowa inateleza. Kitako cha mtu juu ya bodaboda hakijali, kwa sababu kitako hakishiki kitu. Hasifa alikuwa hajawahi kuliwaza hilo. Akaiweka sponji kando, akachukua mpira wa tyubu ya ndani ya tairi, akauzungusha mkanda juu ya mkanda mpaka ukawa mnene kama gunzi la mahindi. Huo ulishikika hata ukilowa.

Lakini mkono huo, pamoja na kushikwa, unazungushwa ili kuongeza mafuta, na kuzungusha ndiko kulikokuwa kumemshinda Ondiek. Hapo Cleopas akajiingiza. Naye alikuwa ametoka Bungoma zamani, na alimwona Ondiek kama mtu wa nyumbani, ingawa kwao ni mbali na kwa mwenzake. Alichomelea kijiti cha chuma kwenye mkono ule, kirefu, ili nahodha akisukume kwa kiganja au hata kwa kigasha bila kufunga vidole. Ilikuwa akili nzuri. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akatia springi.

"Springi ya nini?" Ondiek aliuliza.

"Ukiachilia, inarudi yenyewe. Kama pikipiki. Usalama."

"Cleopas, mimi naenda kisiwani. Nikishafungua mafuta naiacha hapo hapo, nakunywa chai, naongea na watu. Wewe unataka niisukume mpaka Ssese?"

"Pikipiki yote inarudi."

"Pikipiki ikizimika unaweka mguu chini. Mimi nitaweka mguu wapi?"

Cleopas aliitoa springi, lakini aliitoa kwa huzuni, na mpaka leo anasema boti ni chombo kisicho na adabu.

Ikabaki kamba ya kuwashia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mtihani, na Idi ilikuwa inakaribia.

Hasifa alishona kikuku kipana cha ngozi kinachokaa chini kidogo ya kiwiko, akakifunga kulabu, kulabu ikanasa kipini cha kamba. Mkono hauna haja ya kushika, alifikiri, mwili utavuta. Wakaenda Ggaba kujaribu asubuhi mapema, kabla Makokha hajafika. Ondiek akanasa kulabu, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, kamba ikatoka vizuri sana. Injini ikakohoa, ikakataa, ikaivuta kamba kuirudisha ndani kwa nguvu, na kamba ikarudi pamoja na Ondiek. Alipita juu ya dumu la petroli, akalala kifudifudi juu ya injini kama mtu anayeiomba msamaha.

Hasifa alisimama ufukweni.

"Imenishika vizuri," Ondiek alisema kutoka kule. "Sasa ikuwe inaachia."

Basi Hasifa akarudi Kisenyi na hilo. Alikuwa ametengeneza kitu cha kushika, kumbe shida ilikuwa kuachia. Mkono mzima unafanya yote mawili bila kuagizwa. Alijaribu kifungo, lakini kifungo kinataka vidole. Alijaribu ule unyoya wa nailoni unaoshikana na mwenzake kwenye mikoba, ukalowa, ukajaa mchanga, ukawa haushiki wala hauachii. Akaviweka vyote kwenye boksi la vitu vilivyokosewa, ambamo sponji ya reksini nyekundu tayari ilikuwemo.

Katikati ya shida hiyo kukawa na arusi ya Nabilah, binamu yake Hasifa, kule Kisugu. Wanawake wa Kinubi walikuja na gurbaba zao, zile nguo zilizotariziwa ambazo hujifunga kiunoni, na ngoma ya doluka ikaanza. Gurbaba haina kifungo wala zipu. Inazungushwa mwilini, nguo inajikandamiza yenyewe, na ncha ya mwisho inachomekwa. Unaweza kucheza nayo kutwa, mtoto akaning'inia upindoni, isisogee. Sasa wifi yake Hasifa, Habibah, alikuwa anacheza katikati kabisa ya duara, mikono juu, na aliposhusha mikono bangili yake ikanasa ile ncha. Gurbaba yote ikaenda chini kwa mara moja.

Chini yake alikuwa na sketi ndefu. Hakuna aliyeona kitu, ingawa watu walizungumza kama walioona. Wanawake walimzunguka Habibah, wakamfunika, wakamwondoa. Hasifa peke yake hakumwendea. Alibaki ameitumbulia macho nguo iliyokuwa chini, akainama, akaiokota, akaizungusha kwenye mkono wake mwenyewe, akavuta huku, akavuta kule, akachomoa ncha, ikaanguka. Akaizungusha tena.

"Unachezea aibu yangu?" Habibah alimuuliza baadaye.

"Hapana."

"Unafanya nini basi?"

"Ninaangalia ilivyotoka."

Habibah alimnunia mpaka Idi.

Kisenyi ina magari mengi yaliyokufa, na kila gari lililokufa lina mikanda ya usalama ambayo haikutumiwa sana. Hasifa alinunua mmoja. Ncha moja aliishona kwenye kikuku cha kigasha. Sehemu ya kati ikazungushwa kwenye kipini cha kamba ya kuwashia, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja ukimkandamiza mwenzake. Na ncha ya mwisho, ile ambayo bangili ilinasa, ilihitaji kitu cha kuishika kidogo tu, kitu kisichochoka, ambacho mtu anaweza kukifungua upesi pasipo vidole.

Hasifa hakufikiri hata kidogo. Alimpa Ondiek ile ncha mdomoni.

"Uma."

Ondiek akauma.

"Vuta."

Walikuwa kwa Cleopas, mbele ya injini ya boti iliyokufa ambayo Cleopas aliipata sijui wapi. Ondiek akavuta kwa mwili mzima, kamba ikatoka yote. Hasifa akamwonyesha kwa kidole afungue mdomo. Alipofungua, mizunguko yote ikakimbia, kamba ikarudi ndani peke yake, Ondiek akabaki amesimama wima akiwa na mkanda unaoning'inia mkononi. Wakarudia, wakarudia tena. Haikukosea.

"Lakini hii si ni ile ya kamba kwenye nguzo?" Ondiek alisema mwishowe. "Ukifunga boti, unazungusha kwenye nguzo, unashika ncha kidogo tu. Boti yote inakaa."

"Unaijua?"

"Kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na misumari mdomoni."

Cleopas alikuwa ameangalia jambo lingine. "Amenyamaza," alisema. "Tangu anaanza kuvuta hajasema neno. Fundi, hata isipowasha kitu, hiyo peleka kwa bibi yake."

Wakacheka, na hakuna aliyetambua uzito wa alichokisema, hata Cleopas mwenyewe.

Siku ya siku mwalo ulijaa. Watu wa mananasi walikuwepo, wachukuzi walikuwepo, hata wasiosafiri walikuwepo, kwa sababu mtu kuondolewa kazini ni jambo la kutazama. Makokha alivaa shati jipya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabega tu, na shati. Hasifa alisimama karibu na magunia ya saruji akiwa na sindano yenye uzi tayari, endapo mshono utafumuka.

Ondiek alikaa kwenye injini, akazungusha mkanda, akauma ncha, akaegemea nyuma tayari kuvuta.

"Ondiek!" Amony aliita kutoka ufukweni. "Umeamkaje?"

Amony hakuwa na nia mbaya. Hakuna siku boti yake iliwahi kutoka kabla yeye hajamsalimia nahodha, na nahodha hajajibu mpaka mwisho. Salamu iliyokatwa, kwake, haiendi majini. Kila mtu mwaloni alijua hivyo, na Ondiek alijua kuliko wote, kwa sababu salamu za Amony ndizo alizokuwa akizipenda katika kazi yake yote.

"Nimeamka salama, Ma..."

Mkanda ukakimbia. Mkono wa Ondiek ukaruka hewani mtupu, naye akakaa juu ya gunia la mkaa kwa kishindo.

"Eh, mkono umekufa kweli," mtu mmoja alisema, si kwa sauti ya chini.

Ondiek alizungusha upya. Akauma. Alipoegemea nyuma, Amony, ambaye alikuwa hajamaliza, akaendelea. "Watoto aje?"

Ondiek akaitikia kwa kichwa.

"Nimeuliza watoto."

Akaitikia zaidi, kwa nguvu, mkanda ukining'inia mdomoni kama mbuzi aliyetafuna kamba akatoroka nayo.

"Ondiek, mimi naongea na wewe ama naongea na maji? Boti yangu haitoki na salamu imekatwa. Kama iko na hasira, shuka."

Makokha akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

Hapo ndipo Hasifa alipoona alichokifanya. Yeye mdomo wake ulikuwa mkono wa tatu tangu utotoni, basi alidhani mdomo wa kila mtu uko bure, unangoja kupewa kazi. Alikuwa ameshona kifaa cha mshona viti, akamvisha nahodha. Na kumweleza Amony yote hayo mbele ya watu, mkanda na meno na neva ya shingo, kungekuwa ni kumshusha Ondiek kwenye boti kwa mdomo wake yeye.

Akamwendea Amony, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Amony," alisema. "Salaam aleikum. Umeamkaje?"

Amony aligeuka. Hakumjua. Lakini salamu ni salamu.

"Aleikum salaam. Nimeamka."

"Nyumbani aje?"

"Nyumbani iko."

"Watu wa kwenu Gulu wamesema nini?"

"Wamesema mvua."

"Mvua aje?"

"Nyingi."

"Simsim aje?"

"Ilioza kidogo."

"Pole. Ng'ombe aje?"

"Ng'ombe sina."

"Mbuzi?"

Nyuma yake Hasifa alisikia kamba ikitoka, injini ikakohoa, ikazima. Akamkaza Amony mkono. Aliuliza kuku. Aliuliza majirani, wa kulia na wa kushoto. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na maswali yakamwishia, akabaki na kitu kimoja tu anachokijua duniani.

"Na viti?" aliuliza. "Viti vya nyumbani aje?"

Amony akamtazama. "Viti?"

"Viti."

"Kimoja kimevunjika."

"Pole sana. Ni mguu ama ni sponji?"

"Imeingia ndani, hapa katikati, ukikaa unaona kama..."

Injini ikawaka.

Ondiek alifungua mdomo, mkanda ukaanguka, kamba ikarudi mahali pake. Akasukuma kile kijiti cha Cleopas kwa kiganja, boti ikatoka taratibu ikapita kati ya mitumbwi, ikazunguka kule kwenye maji ya wazi, ikarudi, ikagusa ufuko bila kuugonga. Kamba ya kufungia aliibeba kwa kigasha, akaizungusha kwenye nguzo, akaibana ncha kwa goti. Halafu akasimama wima, akatazama ufukweni.

"Watoto ni wazima, Mama," alisema kwa sauti. "Yule mkubwa amepata mtoto Kisumu, wamemwita jina la baba yangu. Mama yao anasumbuliwa na jino. Mimi sina hasira. Na wewe, umeamkaje?"

Amony alijibu yote, moja moja, mpaka mwisho. Ndipo akasema.

"Nimeona ameuma mkanda."

Watu wakangoja.

"Mimi nilisema awashe. Sikusema awashe na nini." Akageuka kwa Makokha. "Wewe pakia saruji."

Makokha akapakia saruji, ila kwanza alivua shati.

Siku hizi Amony anamsalimia Ondiek kabla hajaingia botini, wanamaliza, ndipo anaenda kukaa kwenye injini, na hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kumuuliza kitu. Abiria wageni hudhani anasoma dua. Kile kiti kilichovunjika kilifika Kisenyi juma lile lile, na Amony alikuja nacho, akakaa alasiri nzima akiongea, maana alikuwa na uhakika kwamba Hasifa ni mtu wa maneno mengi.

Na mabaharia wengine wakaanza kuja. Mmoja alikuwa na vidole viwili vilivyokatwa na nyavu. Mwingine alipooza upande baada ya presha kupanda, akataka kitu cha kuinulia nanga. Hasifa aliwapima mikono kwa uzi, na akajizoesha kutema misumari kwanza, awaulize: ukiwa kazini mdomo wako unafanya nini?

Juzi akaja mzee mmoja wa Luzira, alikuwa kwenye boti tangu ujana wake. Alikuwa ameuona mkanda wa Ondiek na akautaka kama ulivyo, asipunguziwe kitu.

"Fungua mdomo," Hasifa alimwambia.

Mzee akafungua. Hasifa akachungulia ndani, huku na huku. Hakukuwa na jino hata moja.

"Funga," alisema, akamsogezea kiti. "Sasa vua koti, nione bega."